Pawabenki, dainamo, betri za AA au sola: uchague ipi kwa GPS ya baiskeli kwenye safari ndefu?

GPS ya baiskeli haina njaa kubwa. Mtu akimwona mwenzake ana dainamo kwenye gurudumu la mbele, paneli ya sola juu ya keria na pawabenki mbili mkobani, anadhani vyote hivyo vimebebwa kwa ajili ya kile kidude kilichofungwa kwenye usukani. Sivyo. Kifaa cha kawaida chenye ramani hula robo wati hadi nusu wati hivi kikiwa kazini. Simu ambayo skrini yake haizimwi inaweza kula mara tano ya hapo, na taa ya mbele ya usiku inataka wati 2 hadi 3 peke yake. Kwa hiyo swali la kwanza si "ninunue chaja gani?" bali "ninalisha vitu gani, na nitakaa siku ngapi bila kuona soketi?" Ukishajibu hilo, nusu ya ulinganisho imekwisha.

Hesabu moja tu, kisha tuendelee. Ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye pawabenki, tuseme 10,000 mAh, ni ya seli za ndani zenye volti 3.7 hivi. Si ya volti 5 zinazotoka kwenye tundu la USB. Zidisha (10,000 mAh ni ampia-saa 10), unapata wati-saa 37, yaani wati moja kwa saa 37. Toa kinachopotea umeme unapopandishwa hadi volti 5, unapopita kwenye waya na kuingia kwenye betri nyingine, na zinabaki wati-saa 25 hadi 30 za kutumia kweli. Gawa kwa nusu wati, yaani kwa kifaa mlafi, na bado unapata saa 50 au zaidi. Chukua Paris–Brest–Paris, safari ya baiskeli ya kilomita 1,200 nchini Ufaransa yenye kikomo cha muda, ambayo kundi lake lenye muda mrefu zaidi hupewa saa 90: kwa GPS ya ulaji wa wastani, pawabenki moja ya ukubwa huo pamoja na betri ya kifaa chenyewe vinatosha, au vinakaribia sana kutosha, hata usipochomeka popote njiani. Ukiongeza simu, hesabu inavunjika siku ya pili.

Pawabenki

Kwa watu wengi jibu linaishia hapa, na sioni sababu ya kuwasukuma mbele zaidi. Pawabenki ya 10,000 ina uzito wa gramu 200 hivi, haihitaji fundi, inahama kutoka baiskeli moja hadi nyingine, na haijali kama unateremka kwa kasi, unapanda mlima kwa mwendo wa kinyonga au umelala. Ubaya wake mkubwa ni mmoja: inaisha, na ikiisha lazima uitafutie soketi.

Hapo ndipo wanunuzi wanapopotea kwa kukimbilia ukubwa. Pawabenki ya 20,000 mAh ikilishwa kwa wati 10, kiwango cha chaja nyingi za kawaida, inahitaji karibu saa tisa kujaa. Mtu anayeendesha kilomita 300 kwa siku halali saa tisa. Ningechukua mbili za 10,000 badala ya moja ya 20,000: zikichajiwa pamoja kwenye chaja yenye matundu mawili zinajaa kwa nusu ya muda, na moja ikiharibika unabaki na ya pili. Ukisoma maelezo kwenye boksi, angalia wati zinazoingia kabla ya wati zinazotoka. Inayopokea wati 18 au zaidi itanufaika vizuri na zile saa tatu za usingizi kwenye kituo cha njiani. Inayopokea wati 5 utaikuta asubuhi bado inapepesa taa yake ya kwanza.

Kuna tabia moja ya pawabenki inayowasumbua wenye GPS kuliko wenye simu. Nyingi hujizima zenyewe zikiona kinachovutwa ni kidogo mno, kwa kudhani simu imeshajaa. GPS iliyokaribia kujaa huvuta kidogo kuliko kiwango hicho. Pawabenki inakata, kifaa kinaona umeme wa nje umepotea, na baadhi ya aina hapo huanza kuhesabu sekunde za kujizima mpaka ubonyeze kitufe. Saa nane usiku, kwenye mteremko, ukiwa na glovu nene, hutaki kutafuta kitufe. Dawa yake ni kuacha mazoea ya kuchomeka waya asubuhi na kuuchomoa jioni. Iache betri ya GPS ishuke hadi asilimia 20 au 30, chomeka, ijaze kwa mkupuo mmoja, chomoa. Jaribu nyumbani kabla ya safari: chomeka kifaa kikiwa kimeshafika asilimia 95 uone pawabenki yako inafanya nini baada ya nusu saa.

Kuna jambo jingine linalofaa kujaribiwa hapohapo nyumbani. Baadhi ya GPS zikiunganishwa kwa waya unaopitisha data hujiona zimeunganishwa na kompyuta. Ramani inatoweka, kurekodi kunasimama, na skrini inaonyesha picha ya waya tu. Ukikutana na hilo, tafuta waya wa chaji peke yake, usio na nyuzi za data ndani.

Waya wenyewe ndio unaokufa kwanza katika mfumo wote huu. Chukua mfupi, sentimita 20 au 30, wenye kichwa kilichopinda kona ili usichomoze na kugongwa na goti au mkoba wa usukani. Weka pawabenki kwenye kimkoba cha juu ya fremu, nyuma ya usukani. Waya ukitoka mkobani, uache uning'inie kidogo chini ya usawa wa tundu la GPS kabla haujapanda tena, ili maji ya mvua yadondokee pale kwenye pindo badala ya kuufuata waya mpaka ndani ya kifaa. Ufunge kwa kipande cha tyubu kuukuu, bila kukaza sana, kisha geuza usukani kushoto mpaka mwisho, halafu kulia mpaka mwisho, uhakikishe hauvutiki. Kile kifuniko cha mpira kinachoziba tundu la chaji ndicho kinachozuia maji kwenye vifaa vingi. Kikiwa wazi, usitegemee sana maneno ya mtengenezaji kuhusu mvua. Maji yakikutana na umeme kwenye tundu hilo, pini huanza kuwa za kijani, na kuanzia hapo kifaa kitachaji kinapojisikia. Mvua ikianza, chomoa, futa, funika. Betri ya ndani itakuvusha.

Dainamo

Dainamo ninayoizungumzia ni ya ndani ya habu, yaani kitovu, ya gurudumu la mbele, si ile ya zamani yenye umbo la chupa inayosuguana na ubavu wa tairi. Wanaotajwa sana ni Schmidt wa Ujerumani, mwenye habu za SON, Shutter Precision wa Taiwan, na Shimano wa Japani. Nyingi zimejengwa kwa kipimo kilekile kilichowekwa kwa ajili ya taa: volti 6, wati 3, mkondo wa nusu ampia. Umeme wake ni mkondo geu (AC), nayo USB inataka volti 5 za mkondo mnyoofu (DC), kwa hiyo lazima katikati kuwe na chaja ya dainamo. Hapo kuna majina kama USB-Werk ya Busch & Müller, Revolution ya Sinewave, Igaro, na Forumslader ambayo ina betri yake ya akiba ndani.

Raha ya dainamo haihitaji kuelezwa sana. Magurudumu yakizunguka, umeme upo, siku ya kwanza na siku ya ishirini. Nitakaa zaidi kwenye yale ambayo muuzaji huyapitia juu juu.

La kwanza ni mwendo. Kwenye tambarare, kwa kilomita 20 kwa saa, unaweza kutegemea wati 2 na ushei kwenye tundu la USB. Ukishuka hadi kilomita 12 kwa saa kinabaki kidogo, na ukipanda mlima kwa kilomita 7 kwa saa, chaja nyingi hazitoi kitu cha maana. Maana yake ni kwamba dainamo humpa zaidi mwenye mwendo na njia nzuri, na humnyima aliye kwenye matope, mchanga na milima mirefu, ambaye mara nyingi ndiye aliye mbali na soketi. Kwa njia kama Tour Divide, yenye kilomita zipatazo 4,400 za vumbi na milima kutoka Banff, Kanada, hadi mpaka wa Marekani na Meksiko, hilo si jambo dogo.

La pili ni taa. Wati 3 ni zilezile. Usiku taa ikiwaka inazichukua karibu zote, na kinachobaki kwa chaji ni cha kubahatisha. Panga kuchaji mchana na kuwasha taa usiku. Anayetaka vyote kwa wakati mmoja atapata taa inayofifia kila anapopunguza mwendo, pamoja na GPS inayolia kila dakika kwamba umeme umekuja, umeme umeondoka.

Hicho kilio ndicho kinachonifanya niseme bila kusita: usichomeke GPS moja kwa moja kwenye chaja ya dainamo. Kila taa nyekundu ya barabarani, kila geti, kila kona ya mlima inakata umeme, na kifaa kinauona umekatika. Weka pawabenki ndogo katikati. Dainamo inaijaza pawabenki mchana kutwa, na pawabenki inaijaza GPS ukiwa umesimama au umelala. Lakini hapa pia kuna mtego: si kila pawabenki inakubali kujazwa kwa mkondo mdogo unaopanda na kushuka. Baadhi ya zile za kisasa zenye chaji ya haraka hushindwa kuelewana na chaja ya dainamo na kukaa kimya, ilhali ya zamani isiyo na mbwembwe hunywa chochote inachopewa. Na si kila moja inaweza kupokea na kutoa kwa wakati mmoja. Jaribu kabla hujafunga mizigo.

La tatu ni uzito na ugumu wa kukanyaga pedali. Watu huogopa ugumu kupita kiasi. Dainamo isiyotumika hula takriban wati 1 ya miguu yako, na ikitumika hula kama wati 5. Kwa anayetoa wati 120 au 130, hiyo ni kama asilimia 4 ya nguvu, ambayo kwenye tambarare inakugharimu kama dakika moja katika kila saa. Anayefukuzia muda ataziona dakika hizo, anayesafiri hatazihisi.

Uzito unahitaji kuangaliwa kwa jicho jingine. Habu ya dainamo ina gramu 400 hivi, dhidi ya 150 za habu ya kawaida. Ongeza chaja na nyaya, umefika gramu 300 na zaidi za ziada. Kwa uzito huohuo ungebeba pawabenki moja na nusu ya 10,000, yaani wati-saa 40 hivi za kutumia. GPS na matumizi madogo ya simu yakila wati-saa 10 hadi 12 kwa siku, mizani inakaa sawa kwenye siku ya tatu au ya nne. Chini ya hapo bila soketi, pawabenki ni nyepesi. Zaidi ya hapo, dainamo inashinda, na kila siku inayopita inazidi kushinda.

Halafu kuna bei, na hapa hakuna ubishi: dainamo ndiyo ghali kuliko njia zote kwa mbali. Hununui habu tu. Unanunua gurudumu kufungwa spoki upya, taa inayoendana nayo na chaja, na vyote vinabaki kwenye baiskeli moja. Kwa GPS peke yake ni kutumia shoka kuchonga kijiti cha meno. Kwa mtu ambaye tayari anaitaka taa isiyozimika usiku kucha, chaji ya GPS ni nyongeza anayoipata kwa bei ya chaja tu, na hapo hadithi inabadilika kabisa.

Betri za AA

Njia hii inadharauliwa, na mimi naitetea. Baadhi ya GPS za mkononi, maarufu zaidi zikiwa za familia ya eTrex ya Garmin, hutumia betri mbili za AA, zile tunazoweka kwenye rimoti. Kwa hizo mbili eTrex nyingi huenda saa 25 hivi. Zikiisha unafungua mgongo, unatoa, unaweka nyingine, na katika dakika moja una chaji asilimia 100. Hakuna waya, hakuna tundu lililo wazi kwenye mvua, hakuna kusubiri. Tena betri za AA zinauzwa karibu kila mahali panapouzwa kitu.

Chagua aina kwa akili. Za alkali hupatikana kirahisi ila hulegea kwenye baridi. Za lithiamu zisizochajika ni nyepesi, gramu 15 hivi moja dhidi ya 23 za alkali, hudumu zaidi na hazitishwi na baridi kali, lakini ni ghali na zikiisha zimeisha. Za NiMH zinazochajika hutoa volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya kifaa ueleze ni aina gani uliyoweka. Usipofanya hivyo, kile kipimo cha chaji kitakudanganya.

Kasoro ya kweli ya njia hii iko kwenye kifaa. Skrini ni ndogo, ramani inajichora taratibu, na mambo ya kimazoezi ni machache ukilinganisha na kompyuta za baiskeli za leo. Pia kwenye barabara ya mawe betri hutikisika ndani ya chumba chao, zikaachana na springi kwa sekunde moja, na kifaa kikazima. Kipande chembamba cha sponji au karatasi iliyokunjwa kati ya betri na kifuniko hutuliza tatizo hilo.

Sola

Hapa sitakawia. Paneli ya wati 10 hutoa wati 10 ikiwa imeelekezwa sawasawa kwenye jua, haina joto wala kivuli. Ikilazwa juu ya mkoba wa nyuma, wewe ukiwa umekaa mbele yake na barabara ikigeuka kila dakika, shukuru ukipata wati 3 au 4 kwenye jua kali. Wingu likija inabaki sehemu ndogo sana ya hapo. Inafaa kwa msafiri wa polepole anayepumzika mchana kwenye kivuli huku paneli ikiwa juani, katika nchi na msimu wa jua la uhakika. Kwa anayekimbizana na muda wa kufika vituoni, ni mzigo.

Kuna pia sola iliyojengwa kwenye kioo cha kifaa chenyewe. Garmin Edge 1040 ya mwaka 2022 ilitoka kwa matoleo mawili, na kwa namba za mtengenezaji la kawaida hufika saa 35 na la sola saa 45 kwa matumizi mazito. Zile saa 10 za tofauti zinategemea jua. Zile 35 zinakuja na mvua na usiku, na kwangu hizo ndizo zenye thamani: kifaa chenye betri kubwa ya ndani kinakupunguzia kubeba vitu vingine.

Kabla hujanunua lolote

Shusha mwanga wa skrini, au uweke uwake tu kona inapokaribia. Zima muunganiko na simu kama husomi ujumbe kwenye usukani. Usitumie ile hali ya kupokea masafa mawili ya setilaiti kama huko uendako hakuna maghorofa marefu wala mabonde ya miamba. Zima kujichorea njia upya, kwa sababu kila ukienda chooni nje ya njia kifaa kinaanza kupiga hesabu nzito. Kwa vifaa vingi mwanga wa skrini peke yake unaleta tofauti ya saa kadhaa. Simu nayo iweke kwenye hali ya ndege ikiwa na ramani zilizopakuliwa. Hapo inakuwa GPS ya akiba badala ya kuwa mlaji mkuu.

Baridi nayo ina kanuni zake. Betri za lithiamu zinazochajika hupungua nguvu kwenye baridi, na kuzichaji chini ya nyuzi 0 kunaziharibu. Usiku wa barafu lala na pawabenki ndani ya mfuko wa kulalia, na usianze kuijaza kwa dainamo alfajiri kabla haijapata joto.

Ningegawa hivi

Safari ya siku moja au mchana na usiku wake: pawabenki moja ndogo, 5,000 inatosha, na mara nyingi utarudi nayo imejaa. Kilomita 600 hadi 1,200 zenye vituo: mbili za 10,000, chaja yenye matundu mawili, nyaya mbili fupi. Wiki kadhaa kwenye njia za lami, ukilala nje na kuendesha usiku: dainamo, pawabenki ndogo katikati, bila kufikiria mara mbili. Wiki kadhaa kwenye milima na njia mbovu: eTrex na betri za AA kwa ajili ya njia, pawabenki kwa ajili ya simu, na dainamo ikiwa tu unaihitaji kwa taa.

Ukisafiri kwa ndege kwenda mwanzo wa njia, pawabenki hukaa kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye boksi la baiskeli linaloingia chini. Kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100, kwa hiyo ya 20,000 mAh, yenye wati-saa 74, inapita, na ya 30,000, yenye 111, inataka kibali cha shirika la ndege.